Mkanda wa Mwisho Niliousafisha Mwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa, na sioni haya kulisema hilo. Fundi Mkuu wa duka letu la kamera, pale mjini Mwanza, aliniingiza kwenye chumba cha giza, akafunga mlango, kisha akaniambia ninyooshe mkono mbele ya uso wangu. Sikuuona. Nilikuwa kijana wa maneno mengi, lakini humo ndani yote yalinikaukia mdomoni.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi kazi hii haikufai. Humu tunashika ubatizo wa watu, harusi zao, mpaka marehemu wao. Ukikosea hakuna kurudia. Mtu asiyeogopa ataniharibia duka."

Nikakiri kwamba naogopa, nikaajiriwa. Nyinyi mnaopiga picha kumi na kufuta tisa hamwezi kuielewa hofu ile. Picha ilikaa ndani ya mkanda, na mkanda ukiona mwanga kabla ya kupita kwenye dawa, umekufa. Tuliutoa kwenye kamera gizani, tukauzungusha kwenye kigurudumu kwa kupapasa tu, tukautia ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha dawa. Kazi hiyo yote tuliiita kusafisha. Wateja nao walitutia presha. Wapo waliofungua mgongo wa kamera wakachungulia kama picha zimeshaingia, halafu wakaja kutulaumu kwamba tumewapa karatasi tupu.

Baadaye Meneja, mtu wa tai na hasira za karibu, alinihamishia tawi la Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilivuka na chupa za dawa nimezipakata kama mtoto mchanga, nikizikaza kifuani kila kivuko kilipoyumba. Nansio nilikaa miaka mingi. Watu wa Ukerewe walinizoea, wakaniita Fundi Picha, na hadi leo wapo wasiojua jina langu jingine.

Niliporudishwa mjini nilikuta mashine kubwa inayosafisha na kuchapa picha za rangi yenyewe. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu. Kila mkanda ulipoingia kwenye ile mashine nilisimama pembeni nikiomba Mungu isiutafune. Kisha simu zikaja zenye kamera ndani, na hofu ikageuka, maana sasa hakukuwa na mkanda wa kuuhofia. Kabati la kioo lililojaa kamera likajaa chaja na kava. Mashine ikazimwa, wenzangu wakaondolewa mmoja baada ya mwingine. Kila Meneja alipotoka ofisini kwake na kuelekea upande wangu, nilijifanya napanga kava. Siku aliponiambia duka linafungwa na nafasi yangu imekwisha, nilikuwa nimeshachoka kuogopa, nikajibu, "Sawa, bosi."

Nilidhani hofu imeisha. Wiki ile ile ya mwisho akaingia mama mmoja wa Nansio, na binti yake nyuma.

"Shikamoo, Fundi Picha."

"Marahaba, mama. Habari za kisiwani?"

"Njema. Umenisahau? Mimi Mama Neema."

Nilimkumbuka. Mumewe alizama ziwani Neema akiwa bado wa kubebwa. Mama huyu alikuja dukani kwangu siku ya msiba kutafuta picha yoyote ya marehemu niikuze, watangulie nayo mbele ya jeneza kama tunavyofanya. Hatukupata hata moja. Msalaba ulitangulia peke yake.

Mama Neema akafungua kanga, akaweka mezani kamera ndogo. "Ilikuwa kwa shemeji yangu Usagara muda wote huu. Amehama nyumba ndiyo ameiona. Nimemkataza mtu yeyote asiifungue. Neema anaolewa, anataka baba yake awepo mezani siku ya harusi. Sura yake haijui."

Binti aliniangalia mikono.

Nilitamani kukataa. Mkanda ulikuwa wa rangi, na dawa za rangi zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Nilikuwa na dawa ya picha nyeusi na nyeupe iliyobaki chupani, imeshabadilika rangi. Inaweza kuitoa picha ikiwa bado ipo, na inaweza kuiua. Niliwaeleza. Mama Neema akasema, "Fanya, fundi. Ikifa tutajua imekufa."

Mle gizani mkanda uliniponyoka, nikaupapasa sakafuni huku nikijitukana. Nikamimina dawa. Nilipoutoa na kuuinua kwenye taa, karibu wote ulikuwa mweusi kwa uzee. Kipande kimoja tu kilikuwa na watu. Nilikichapa haraka, nikasimama kwenye taa nyekundu nikisubiri karatasi izungumze.

Kilitokea kitoto kichanga kimefungwa shali. Ikatokea mikono miwili mikubwa imekishika. Ikatokea shati, vifungo, kola. Juu ya kola karatasi ilikuwa imeisha.

Kamera zile ndogo dirisha la kuchungulia lilikuwa juu ya lenzi. Mpigaji asiyezoea akisogea karibu mno, yeye anakiona kichwa, lenzi haikioni. Nilikaa humo hadi Mama Neema akagonga mlango.

Nikatoka nayo ikiwa mbichi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga.

"Shati lake hili," akasema. Kisha, "Fundi, umekikata kichwa. Isogeze kidogo, kipo hapo juu."

"Hakipo, mama. Hata kwenye mkanda hakipo. Aliyepiga alisogea karibu mno."

Uso wake ukabadilika. Akaketi juu ya boksi la chaja. "Alinipa kamera mwenyewe," akasema. "Aliniambia rudi nyuma, Mama Neema, rudi nyuma. Mimi nikasogea, nilitaka nimwone vizuri."

Neema akaichukua ile picha, akaifunika na leso, akamshika mama yake begani. Harusini, nilisikia, iliwekwa mezani hivyo hivyo, bila kichwa.

Sasa nimestaafu, nipo kwangu Ilemela, kwenye mawe. Jumapili wajukuu wananipiga picha na simu, nami nageuka msumbufu. Nawarudisha nyuma hadi ukutani, kisha nadai kuona.

"Kichwa kipo?"

"Kipo, babu."

Nawaambia waipeleke ikasafishwe, nipate ya kushika mkononi. Wanacheka, wanasema ipo humo humo kwenye simu, haipotei. Mimi naitazama ile simu, nawaza siku watakayoihitaji, na naogopa.