Hewa Chini ya Kabureta

Gari lilikuwa la mjomba wangu wa kijijini Nkowe, kaka wa mama yangu. La viti viwili tu, jekundu lililopauka, paa lake la turubai la kukunja. Aliuziwa na daktari mgeni aliyekuwa anarudi kwao, wakati mimi sijaota hata ndevu. Siku hizi ni fundi Nachingwea mjini: natengeneza bodaboda, na msimu wa korosho ukifika natengeneza mashine za kupulizia salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, mpaka kamasi zinatoka za njano. Gari lile nililitaka tangu utotoni na sioni haya kulisema.

Kwetu mali ya mjomba humfuata mpwa, mtoto wa dada. Lakini aliyekaa nalo pale nyumbani ni binamu yangu, mtoto wa mjomba mwenyewe. Ndiye aliyeliosha, ndiye aliyeliwasha kila wiki lisilale. Mwaka jana mjomba, macho yakiwa yameshamwishia, alitutangazia sote wawili kwamba mila anaijua, ila gari atapewa yule anayejua kulitunza.

Haukupita muda gari likaanza kulipuka. Ukipanda kilima, paa! ndani ya kabureta, kama mtu kapasua mfuko wa karatasi. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, resi haishuki, injini inabaki inalia juu kwa juu. Mjomba akanipigia simu: "Njoo uniambie nini kimeharibu, na nani kaharibu."

Hilo neno "nani" ndilo lililonipandisha bodaboda asubuhi ile, spana zangu mapajani.

Nilifungua chujio la hewa, nikakuta njano tupu. Binamu alikuwa amepuliza salfa kwenye mikorosho iliyo ubavuni mwa banda la gari, wala hakufunika kitu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimvaa pale pale, baba yake anasikia, mama yake anasikia.

"Unapuliza salfa mbele ya kabureta? Wewe ni mkulima au mwendawazimu?"

Mimi naye ni watani. Siku nyingine angenirudishia tusi zito mara mbili na tungecheka. Siku hiyo aliangalia mikono yake tu. Nilijisikia vizuri sana.

Nikaosha chujio. Nikashusha kabureta, nikasafisha kila kitundu na kukipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nikapangusa plagi, nikakagua taimingi. Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Paa! Resi juu vile vile.

"Bado," alisema mjomba kutoka barazani, kana kwamba mimi sikusikia.

Ilikuwa Ijumaa. Binamu akamshika mkono baba yake wakaenda msikitini, na mke wa mjomba akaingia jikoni. Nikabaki peke yangu na injini inayolia. Nilikoroga maji ya sabuni kwenye kopo, nikawa nayamwaga kidogo kidogo kwenye maungio, moja baada ya jingine. Nilipofika chini ya kabureta, povu likanyonywa ndani na resi ikashuka ghafla. Hapo ndipo lilipokuwa linavuta hewa.

Nikalegeza nati mbili, nikainua kabureta tena. Safari hii niliitazama vizuri gasketi, ile karatasi ya kuziba hewa kati ya kabureta na injini. Ilikuwa ya boksi la biskuti, maandishi ya bluu bado yanasomeka. Niliikata mimi kwa mkasi wangu, masika yaliyotangulia, nilipokuja kulisafisha hilo hilo kabureta, kwa sababu sikuja na karatasi ya gasketi na nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Nilimwambia mjomba nitaleta ya maana. Sikuleta. Petroli ilikuwa imeila upande mmoja, hewa ikapata njia yake, mafuta yakazidiwa na hewa ndani ya injini, na hata ukiachia pedeli ile hewa haikuwa na wa kuizuia. Asubuhi niliishusha na kuirudisha bila kuitupia jicho, maana nilishampata mkosaji.

Nilitazama njiani. Hapakuwa na mtu. Nikaitia gasketi ya boksi mfukoni, nikakata nyingine kwa karatasi yake hasa, nikakaza.

Waliporudi, injini ilikuwa imetulia, inanguruma chini chini. Mjomba alisimama na kanzu yake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Haya, niambie."

"Salfa, mjomba. Iliingia kwenye kabureta."

Mjomba hajafungua mdomo, binamu akamwahi. "Kosa langu, baba. Mpe yeye. Mie ningeiua hii gari." Akaingia ndani mwenyewe, akatoka na ufunguo, akaniwekea kiganjani.

Masikio yalinichoma kwa aibu. Na furaha nilikuwa nayo, siwezi kudanganya. Nilifika Nachingwea bila mlipuko hata mmoja.

Msimu huu nilikwenda Nkowe kuwasalimia. Nilimkuta binamu anajiandaa kupuliza. Banda lilikuwa tupu, lakini alikuwa amefunika mtungi wa maji, baiskeli, hata kibanda cha kuku, na sasa anahangaika na turubai la mwisho, upepo unamnyang'anya.

"Nimejifunza, binamu," aliniambia.

"Vizuri," nikamjibu, nikamshikia upande wa pili afunge kamba.