Ukurasa Ulioelekea Ukutani

Bahasha ilifika Uyole mwezi wa Juni mwaka 1956, wakati wa baridi ile inayounguza majani ya viazi, na ndani yake hamkuwa na barua. Tusekile aliipindua, akaikung'uta, akaingiza mkono mpaka kwenye kona. Kilichokuwamo ni kitabu cha picha kisicho na jalada, karatasi nane tu zilizobanwa kwa pini yenye kutu.

Mume wake, Saulo, alikuwa ameondoka miaka miwili kabla, akapanda ndege Mbeya pamoja na wanaume wengine walioandikishwa kwenda kuchimba dhahabu kusini. Siku anaondoka alitia dole gumba kwenye fomu, maana hakujua kuandika hata jina lake. Mwaka wa kwanza alituma barua tatu alizoandikiwa na karani, zote zikiulizia ng'ombe. Halafu akanyamaza miezi kumi na mmoja. Sasa, baada ya kimya chote hicho, kitabu cha watoto, na watoto wenyewe hawakuwa nao.

Tusekile alifungua ukurasa wa kwanza akapiga yowe. Wifi yake Damari, ambaye ndiye mama yangu mzazi, alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Hebu tazama watu hawa."

Walikuwa watano, nao walikuwa angani, bila ndege wala kamba. Walivaa nguo zilizowabana kama ngozi ya chura, na chupi juu ya suruali. Mmoja alikuwa na joho jekundu. Mmoja alikuwa jitu lililobeba kilima begani. Mmoja alikuwa na masikio mapana kama majani ya magimbi, ameyatega kusikiliza nyota. Wa nne alikuwa mwanamke, mapaja wazi, ameshika radi kama mtu anayevuta kamba ya mbuzi. Wa tano alikuwa mfupi, mabega manene, anapenya katikati ya mwamba kama mtu anayeingia mtoni kuoga. Na juu yao wote, ikijaza nusu ya ukurasa, ilikuwa ikishuka nyota nyeusi yenye mdomo.

"Yesu wangu," alisema Damari. "Hawa ni malaika au ni wezi?"

"Malaika hawavai hivi."

"Na huyu binti hana mama wa kumwambia avae sketi?"

Walicheka, lakini Tusekile alicheka kwa uchungu. Alikuwa anajenga nyumba mpya peke yake ili Saulo akirudi aikute. Kuta zilikuwa zimekandikwa na kukauka, na siku hizo nyumba haikuhesabiwa imekwisha mpaka sebule ivalishwe karatasi. Wengine walibandika magazeti, wengine karatasi za sabuni. Jumamosi ya wiki hiyo Tusekile alipika uji mzito wa ngano, akauchanganya na majivu ili mende wasiule, akang'oa ile pini.

Karatasi ina pande mbili, na ukuta unataka mmoja. Kwa kila karatasi alitazama huku na huku, akachagua upande uliompendeza. Karatasi ya mwisho haikumsumbua hata kidogo. Upande mmoja alikuwapo yule mwanamke wa radi, rangi zimekolea. Upande wa pili picha ilikuwa imeharibiwa, mtu ameichorachora kwa wino, na maneno yametapakaa mpaka juu ya anga. Tusekile, asiyejua kusoma, aliupaka uji upande ule mchafu, akabandika, akapapasa kwa kiganja mpaka karatasi ikalala vizuri.

Wa kwanza kuusoma ukuta alikuwa mwinjilisti Yotamu, yule yule aliyeileta bahasha kutoka sanduku la posta la misheni. Alikuja kuibariki nyumba. Katikati ya sala macho yake yalifunguka, yakaenda kwenye vile viduara vyeupe vinavyotoka midomoni mwa watu wa picha, na sala ikamkatikia mdomoni.

"Hiki ni Kiswahili!"

"Kiswahili?"

"Kabisa. Sikilizeni. Mwenye joho anasema, 'Mfupi, tangulia, wewe ndiye unayeujua mwamba.' Na Mfupi anajibu, 'Naenda. Nikichelewa, msile ugali wangu.'" Yotamu alivua kofia. "Wazungu wameanza kutupigia chapa hadithi kwa Kiswahili na hawakutuambia! Na huyu wa masikio wanamwita Kalinga. Hilo si jina la Wahehe?"

"Wahehe wapo kila mahali," alisema Damari. "Kumbe na mbinguni wametutangulia."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, sebule ya Tusekile ilijaa watu. Yotamu alisoma akionyesha kwa fimbo. Wazee walisema lile jiwe kubwa la Mbozi lilishuka namna hiyo hiyo, ila siku ile hapakuwa na watu wa kulizuia. Hadithi ilikuwa na mashimo, maana nusu yake ilikuwa imeulalia udongo. Shimo baya kuliko yote lilikuwa karibu na mwisho. Kwenye karatasi ya saba ile nyota inapasuka, na kipande kikubwa kama nyumba kinamwangukia Mfupi ndani ya pango. Kalinga ananyoosha mkono: "Shika! Shika hapa!" Kwenye karatasi ya nane wanaonekana wanne tu, na mwanamke wa radi analia.

Watu walibishana. Wapo walioapa kuwa Mfupi alipenya upande wa pili wa mwamba akatokea nchi nyingine. Mwishowe walimgeukia mwenye ukuta.

"Amekufa," alisema Tusekile, huku anamenya viazi. "Angekuwa hai angeonekana."

Alisema hivyo Jumapili nyingi. Mama yangu alikumbuka mpaka sauti yake ilivyokuwa, nyepesi tu, ya mtu anayezungumzia mvua.

Mwezi wa Februari, mwaka uliofuata, mwanamume mgeni alibisha mlangoni. Alikuwa mrefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu.

"Kamwene," alisalimu, kwa lugha ya kwao Iringa. Kisha kwa Kiswahili: "Wewe ndiye Tusekile wa Saulo?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani."

"Sikuja kukaa. Nilitaka tu kuuona uso wa mwanamke asiyejibu."

Damari, aliyekuwa anapepeta maharage sakafuni, aliweka ungo chini. "Gwe! Wewe unazungumza na mke wa kaka yangu. Asiyejibu nini?"

Mgeni alifungua mdomo ili amjibu, na hapo ndipo alipouona ukuta. Alisimama kama mtu aliyepigwa usoni. Alisogea, akagusa picha ya mwenye masikio kwa vile vidole viwili.

"Mmenibandika ukutani," alisema polepole. "Huyu ni mimi. Ambrosi Kalinga."

Hakuna aliyecheka. Tusekile alisema, "Baba, hicho ni kitabu cha Wazungu."

"Picha ni za Wazungu. Maneno ni ya Saulo."

"Saulo hajui kuandika."

"Hakujua. Nilimfundisha mimi, hospitalini. Vitanda vyetu vilikuwa jirani miezi mitano."

Neno hospitalini lilianguka katikati ya chumba. Ambrosi aliwatazama wote wawili, na hasira aliyokuja nayo ikaanza kumtoka usoni, kwa sababu aliona kwamba walikuwa hawajui. Walikuwa hawajui lolote.

Akawaeleza. Walikuwa watano kwenye kikundi chao kule chini, na Saulo waliyemwita Mfupi ndiye aliyetangulia kila mara kugonga mwamba na kuusikiliza. Siku moja mwamba uliporomoka. Yeye Ambrosi aliacha vidole vitatu pale alipomvuta. Hospitalini kulikuwa na sanduku la vitabu chakavu vya kuwapumbaza wagonjwa, na Saulo alikiona hiki, watu watano na jiwe kutoka juu, akacheka mpaka nesi akaja. Alifuta Kiingereza kwa dawa nyeupe ya tumbo, ile inayofanana na maziwa, akaiacha ikauke, akaandika juu yake herufi moja moja kama mtu anayechonga.

"Nilimwambia, andika barua kama watu wote. Akasema, barua mke wangu atasomewa na wengine, na kijiji chote kitajua kabla yake. Lakini picha ataiona kwa macho yake mwenyewe, kwanza yeye."

"Ataona nini?" aliuliza Damari.

"Kilichompata. Na swali. Vipo ukurasa wa mwisho."

Wote watatu waliutazama ukuta. Mwanamke wa radi alikuwa analia machozi ya buluu, mazuri sana, na nyuma yake ulikuwa udongo.

"Yuko hai?" Tusekile aliuliza.

"Yuko kwangu, karibu na Kalenga, kule Iringa. Anashona viatu. Hajui kwamba nimekuja." Ambrosi aliinamisha kichwa. "Tulirudi pamoja mwezi wa Septemba. Lori letu lilisimama hapa Uyole, saa nne asubuhi. Ulikuwa sokoni na viazi vyako, umefunga kitambaa cha kijani. Nikamwambia, shuka. Akakutazama kwa muda mrefu. Akasema, 'Ameshaona, na anacheka. Twende.'"

Tusekile aliketi chini, juu ya maharage. Mpaka uzeeni alijaribu kukumbuka asubuhi ile alikuwa anacheka nini. Hakukumbuka kamwe. Pengine mnunuzi alitania, pengine mbuzi wa mtu alikula kabichi za jirani. Miezi mitano mume wake alikuwa mwendo wa siku moja tu, akiuheshimu uamuzi ambao mkewe hakuufanya.

"Nisomee swali," alimwambia Ambrosi. "Wewe unalijua."

"Si maneno yangu, mama. Sitayatamka."

Tusekile alileta maji, akalowesha pembe ya karatasi. Ikachanika. Ule uji na majivu vilikuwa vimekauka kama saruji.

"Acha!" alisema Ambrosi. "Utayaua."

Basi Tusekile alichukua panga, akaanza kuukata ukuta wenyewe kuizunguka karatasi. Udongo ulimwagika, fito zikaonekana, upepo wa mlima ukaingia sebuleni.

"Tusekile! Unabomoa nyumba!"

"Nyumba ya nani, wifi?" alisema, bila kusimamisha panga.

Kesho yake alipanda basi la Iringa pamoja na Ambrosi, amepakata karai lenye bonge la ukuta lililofungwa kwa kanga. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila shimo alilipokea kwa magoti ili bonge lisipasuke. Hata hivyo lilipata ufa kabla ya Igawa. Pale Igawa mwanamke mwenye karanga alichungulia dirishani.

"Mama, umebeba nini, tununue?"

"Ukuta."

"Wa kuuza?"

"Wangu."

Saulo alikuwa ameketi barazani kwa Ambrosi, kiatu mapajani, sindano ya kushonea mkononi. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umekunjwa na kufungwa juu ya goti. Tusekile aliuona, na huo ndio uliokuwa mshtuko ambao picha ilikusudiwa kumpunguzia, ila picha ilikuwa imetazama kwingine. Alipiga magoti kumsalimu, kama ilivyo desturi.

Saulo hakumtazama. Alimtazama Ambrosi. "Umeleta mtu aliyekwisha kujibu."

"Sijajibu," alisema Tusekile. Alifungua kanga. "Tazama uliponiuliza."

Saulo aliliangalia lile bonge: mwanamke wa radi, ukingo wa udongo, mabaki ya fito. Akapitisha kidole kwenye ukingo pale karatasi ilipoungana na ukuta.

"Ukambandika huyu," alisema.

"Alikuwa mzuri. Upande wako ulikuwa umechorwachorwa. Niliona uchafu tu."

Hapo Saulo alitoa sauti. Tusekile hakujua kama ni kicheko. Alichukua kisu chembamba cha kukatia ngozi, akauegemeza udongo kwenye goti lake moja, akaanza kuubandua kutoka nyuma, kidogo kidogo, mpaka jioni ikaanza kuingia. Karatasi ilipotoka, nusu ya wino ilikuwa imebaki udongoni, maneno yamegeuka kinyume. Alilazimika kusoma huku na huku. Mfupi alikuwa ameketi juu ya kipande cha nyota, mguu mmoja umefutwa kwa ile dawa nyeupe, na gongo limechorwa kwa wino.

"'Tusekile,'" alisoma. "'Mwamba umebaki na mguu wangu. Mlima wa kwetu sitaupanda tena na mzigo. Ukinitaka hivi, mwambie Yotamu aandike neno moja, njoo. Kama hunitaki, usiandike kitu. Nitaelewa.'"

"Neno hilo linaandikwaje?" aliuliza Tusekile.

Saulo alilichora kwa sindano kwenye udongo uliobaki. Tusekile akalifuatisha kwa kidole, herufi kwa herufi.

Walirudi Uyole wiki iliyofuata. Saulo alishona viatu kando ya barabara kwa miaka ishirini na mitatu, na Tusekile alijifunza kusoma kwa Yotamu, akiwa mtu mzima kati ya watoto. Ule ukuta waliuziba, lakini hakubandika tena karatasi yoyote, hata kalenda.

Nilikuwa nimemaliza chuo nilipomwuliza kama alimlaumu Saulo kwa kunyamaza. Saulo alikuwa ameshafariki. Tusekile alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Wewe hujui hasira niliyokuwa nayo wakati ule," alisema. "Miezi kumi na mmoja bila barua, mwanangu. Kama ningesomewa lile swali siku ile bahasha ilipofika, sijui ningejibu nini."

Kisha akaniomba nimsogezee beseni.