Usiitikie Usiyemwona

Mwanangu, kwa muda mrefu nilikana kwamba niliitikia. Nilimkania binti ami yangu, nikawakania wanafunzi wangu, nikajikania hata mwenyewe mbele ya kioo. Leo nasema: niliitikia.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kiangazi, wakati Ibra, mji wetu wa Omani tangu wazee walipohama Unguja, inapochemka na kila mwenye nauli hukimbilia Ulaya. Nilimwacha mama na wifi yangu Moza, nikafuatana na binti ami yangu Zuwena hadi mji mdogo wa Ujerumani, katikati ya msitu, unaosifika kwa saa za ukutani zenye ndege wa mbao anayechungulia na kulia. Wakati wa kuagana mama aliniusia: "Tuma, huko msituni ukiitwa na usiyemwona, usiitikie."

"Mama, huko kumejaa watalii."

"Kwani shetani hapati viza?"

Nikacheka. Nina shahada mbili, mwanangu, na zote mbili zilicheka.

Mtaa mzima ulikuwa maduka ya saa, na nusu ya Maskati ilikuwa pale, abaya kwa abaya, watoto na aiskrimu zao. Fundi mmoja alitufungulia tumbo la saa: vifilimbi viwili na mivukuto midogo. "Sauti yote hii ni upepo tu," akasema. Saa zake hazikukubaliana. Kila moja aliitega wakati wake, ili kila anayeingia amsikie ndege. Nikahisi nimo katika nyumba ambayo kila mtu anaishi siku yake.

Kichwa kikaniuma. Nikatokea mlango wa nyuma, nikashika njia ya msituni. Mitende yetu huacha jua lipite. Misonobari ile ilikuwa imelifungia nje. Kelele za dukani zikakatika. Hata nyayo zangu sikuzisikia.

"Tuma."

Ilikuwa sauti ya mama, ile ya chini anayoitumia akitaka kuinuliwa. Mdomo ukanitangulia: "Abee, mama!"

Mkono wangu wa kulia ukawa mzito, kana kwamba mtu kaushika ili ajiinue.

Nilirudi mbio, abaya imejaa vijiti.

"Ulikuwa ukisema na nani?" Zuwena, aliyekuwa kanifuata hadi mwanzo wa msitu, akauliza. "Nimesikia abee."

"Hukusikia. Ni ndege wa saa."

"Saa za Wajerumani zina adabu za Unguja siku hizi?"

Simu ilikuwamo mkobani. Sikupiga. Niliona haya, msomi mzima ningesema nini? Na chini ya haya palikuwa na hofu: nikipiga, nani atapokea? Maadamu sijapiga, mama yu hai. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilisalimika, kilichovunjika ni usingizi.

Nasaha yangu basi, mwanangu, ni hii. Moyo ukikushtuka kwa ajili ya mzazi, usikae kuuhoji kwanza kama mwanafunzi aliyechelewa. Piga simu. Ukikuta yu mzima, mtacheka pamoja. Ukikuta si mzima, utakuwa umefika mapema kidogo. Haya za kuonekana mjinga hupita, lakini kujua kwamba ulikuwa na simu na hukupiga, hakupiti. Mungu akujaalie mtu wa kukuita, na akuepushe na kiburi cha kutosikia.

Mimi sikupiga. Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai, mama akapiga mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko salama?"

"Salama. Na wewe?"

"Jana niliteleza uani. Moza alikuwa kaenda sokoni. Nikakuita, nimesahau kama umesafiri."

"Pole, mama! Nani alikuinua?"



"Uliitikia, Tuma. Ukaja ukanipa mkono. Nilipokwisha kusimama, uani hapana mtu."

"Mama, mimi niko Ujerumani."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza kama uko salama. Ule mkono ulikuwa wa baridi mno."