Kobe na Bibi Harusi

Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, dereva wa teksi aliyebandikwa jina la Kobe huvua kiatu cha kulia na kukiweka kwenye kiti cha pembeni. Anadai unyayo mtupu ndio unaojua kuyabembeleza mafuta. Hajawahi kuonekana akizidi kilomita hamsini kwa saa, na kibao cha themanini anakiona kama matusi.

Siku mpwa wake alipoolewa, alijitolea kumpeleka. Ofisi ya ndoa ilikuwa ikifungwa saa sita, nao waliondoka saa tano na robo. Bibi harusi alikaa nyuma na shangazi yake, roho mkononi, akitazama baiskeli zikiwapita.

"Kanyaga mafuta, wewe!" shangazi alifoka. "Mtoto atazeekea humu!"

"Tulia, shemeji. Mteremko unakuja, na mteremko ni wa bure."

Shangazi akanyoosha mkono, akakichukua kile kiatu na kukitupa dirishani. Kobe alikitazama kwenye kioo kikibaki nyuma, lakini hakusimama. Kusimama na kuondoka upya kunakula mafuta.

Walifika saa sita kasoro dakika nne. Kobe akashuka na kiatu kimoja, akamfungulia bibi harusi mlango.

"Mjomba, kweli hujawahi kukimbiza gari maishani mwako?"

"Mara moja, nilipokuwa nampeleka mama yako kujifungua. Mafuta yaliniishia kilimani, ukazaliwa kwenye hicho kiti ulichokalia."