Nilimkuta Marehemu Baba Yangu Ukutani Yokohama, Kapewa Mtoto Mwingine

Admin, jina langu lifiche, na ukipenda lifiche hata kabila, ingawa wa kwetu watanijua tu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa, naishi Elerai hapa Arusha, nina watoto wawili. Kwetu ni Nkoaranga. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na tulizaliwa kwake watoto wa kike watupu. Wa kiume pekee katika nyumba ile alikuwa mtoto wa baba mdogo, ambaye alilelewa na baba yangu tangu akiwa darasa la pili. Nitamwita Ombeni.

Ombeni siku hizi ni mtu mkubwa. Anauza kahawa nje. Sina wivu na hilo, biashara ni yake. Ila baba alipofariki, Ombeni hakuja kuzika. Alipiga simu akasema ana wageni wa kazi na hawezi kuwaacha. Mnaojua milima yetu mnajua maana yake. Mtoto hukosa harusi, hukosa kipaimara, lakini udongo wa kumtupia baba kaburini hakosi. Tulisimama kaburini tukimsubiri hadi mchungaji akatuonea huruma akaendelea na ibada. Nilinyamaza kwa ajili ya mama.

Mwaka huu kikundi chetu cha wanawake wakulima kilialikwa kwenye maonyesho ya kahawa Japani, nami nikachaguliwa kwenda. Siku ya mapumziko mkalimani wetu, mama mmoja mpole sana, akatupeleka kutembea upande wa bahari pale Yokohama. Alituambia zamani ilikuwa bandari ya kazi ngumu, mahali pa wapakiaji na mafundi wa meli. Sasa ni maghorofa ya vioo na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu. Lakini hawakubomoa kila kitu. Maghala ya matofali mekundu wameyaacha, ndani ni maduka. Reli ya mizigo ipo, watu wanatembea juu yake na watoto. Hata shimo walilotengenezea meli limebaki, watu wanashuka chini wanakaa kupumzika. Nikawaambia wenzangu, hawa watu wanajua kuheshimu waliowatangulia.

Tukaingia kwenye mgahawa wa kahawa jirani na hapo. Ukutani kulikuwa na picha kubwa kama mlango. Baba yangu. Koti lake la kahawia, kofia yake, kikapu cha kahawa shingoni, anacheka. Picha ile niliipiga mimi kwa simu yangu, nikaituma kwenye kundi la ukoo, na anacheka kwa sababu nilimtania kwamba kavaa koti la kanisani shambani.

Nikamwomba mkalimani anisomee maandishi ya chini. Akasoma taratibu: mzee huyu ni baba mzazi wa Ombeni, Ombeni ni mtoto wake wa pekee, na alimzika kwa mikono yake chini ya mibuni, akamwahidi kuifikisha kahawa yake duniani.

Kwa mikono yake.

Mhudumu akaja akainama, akauliza kama tunamfahamu yule mzee. Wenzangu wakanitazama. Nikasema hapana, simfahamu. Sikutaka Ombeni apigiwe simu mapema. Nikapiga picha, nikakaa, nikanywa kahawa yangu hadi mwisho, na ilikuwa nzuri, ndiyo iliyoniuma zaidi.

Niliporudi nilimfuata Ombeni ofisini kwake nikamwekea simu mezani. Alitazama, akavuta kiti, akakaa.

"Dada, kwani kwetu baba mkubwa si baba?"

"Ni baba. Na baba huzikwa."

"Wale ni wazungu wa Asia, hawaelewi mambo ya baba mkubwa na baba mdogo. Nimewarahisishia tu."

Halafu, bila aibu, akaniambia wenye mgahawa wanakuja mwezi ujao kuona shamba na kaburi. Akaniomba niwepo, niwapikie ndizi, ila atanitambulisha kama mama anayetunza shamba. Mfanyakazi. Kwenye kihamba cha baba yangu, shamba la urithi wa ukoo. Nilitoka haraka, maana ningemjibu kwa kiti.

Jumapili iliyofuata akaja kwangu na mama yangu mzazi, ameshika jani la isale. Kwa wasiojua, isale ni jani la kuombea msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Ukilipokea kisha ukalipiza kisasi, wazee wanasema laana huangukia watoto wako. Mama alisema, "Lipokee mwanangu. Nimezika mume, sitaki kuzika undugu." Ombeni akainamisha kichwa vizuri kama mtoto wa Sunday school. Sikunyoosha mkono. Akaliweka kwenye kizingiti, wakaondoka.

Hadi leo lipo pale. Tunaliruka tukiingia na kutoka, na halinyauki.

Ndugu zangu, niseme ukweli wangu wote. Msamaha sina. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi wageni hawa nawasubiri nipone. Nataka nipike ndizi kama nilivyoagizwa, nivae khanga ya shamba, niwapeleke mwenyewe kaburini pamoja na mkalimani wao. Kisha nimkabidhi Ombeni koleo mbele yao nimwambie, "Kaka, udongo wako tulikuwekea. Mzike sasa."

Mume wangu anasema nifanye, yuko nyuma yangu. Mama hali chakula vizuri tangu siku ile, kila asubuhi anapiga simu kuuliza swali moja tu, kama nimeshaokota jani.

Wageni wanafika wiki ijayo. Koleo nimeshalinoa. Niambieni mlio watu wazima na wenye watoto kama mimi: niokote jani au nishike koleo?