Jioni Baba Alipomrudisha Zuwena Mwanzo

Sebule yetu mtaani Bawshar ilinukia udi na ulimbo, ule tuliopaka kwenye pinde za fidla kabla wageni hawajafika. Mimi nilipiga piano, kaka yangu Harith fidla, na dada yetu mkubwa, Zuwena, alikumbatia selo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito kama ya mtu anayeugulia chumba cha pili. Baba alisoma Ulaya, na huko alijifunza kwamba zamani Wajerumani waliandika muziki kwa ajili ya nyumba, watu watatu wanne wapige baina ya makochi na vikombe vya kahawa. Akaapa kuwa nasi tutakuwa nyumba ya namna hiyo. Mwaka ule, nami nina miaka kumi, kila Alhamisi wageni walikuja na kila Alhamisi tulipiga.

Zuwena ndiye aliyeupenda muziki wenyewe. Katika muziki tuliopiga kuna mahali piano na fidla hunyamaza, selo ikaachwa peke yake. Alipafanyia mazoezi mpaka ncha za vidole zikachubuka. Jioni moja, wageni wamejaa hadi mlangoni, na miongoni mwao mama wa kijana aliyemposa Zuwena, kidole kilimteleza. Nota moja tu. Baba akagonganisha viganja kumsimamisha.

"Tena."

Akaanza upya, akakosea palepale.

"Tena," alisema Baba, kisha akamgeukia yule mama akitabasamu. "Huyu ndiye mnayemtaka. Msikilizeni vizuri."

Watu wakacheka. Mama yetu akanong'ona, "Bwana, mwache, unamfedhehi mtoto."

"Nnamfunza. Tena!"

Alirudia mpaka kahawa ikapoa, na wageni wakawa wanacheka hata kabla hajafika penye kosa. Hakulia. Mwishowe upinde ulimponyoka, na Baba akamwacha akae vivyo hivyo katikati ya chumba huku halua ikipitishwa.

Wenye posa hawakurudi. Zuwena hakugusa selo tena. Baadaye aliolewa mji wa pwani wa Qurayyat. Baba, aliyezoea nyumba kujaa, sasa ni mzee na makochi yake ni matupu. Harith humtembelea Jumatatu, mimi Jumatano. Zuwena humletea samaki, akamkabidhi mtumishi langoni bila kuzima gari.

"Kwani nyinyi mmegombana?" Baba huniuliza. "Mbona hamji pamoja?"

Humjibu kwamba hatujagombana, na ni kweli. Kila Ijumaa sisi watatu huwa Qurayyat kwa Zuwena, tukila sinia moja. Hilo simwambii.