Jumapili Ambayo Ndege Ilimchukua Baba

Kila ninapofungua injini ya mashine yangu ya kusaga hapa Bariadi, harufu ya oili iliyochoka hunirudisha kwenye uwanja wa majani karibu na Lalago. Hapo baba alikuwa fundi wa ndege ndogo ya madaktari wa misheni, na hapo ndipo nilipojifunza wivu.

Sisi watoto baba hakutushika sana. Ile ndege aliipapasa bawa kwa bawa, kama mchungaji anavyopapasa tumbo la ng'ombe akitafuta kupe. Jioni alikuwa na mengi ya kusimulia juu yake: plagi zake, tairi lake, kikohozi chake cha asubuhi. Mama alimwekea ugali na kumuuliza, "Mke mwenzangu ameshindaje?" Baba alicheka. Mimi sikucheka.

Ndege ikitimiza idadi ya saa zake za kuruka, injini ilifunguliwa na kukaguliwa hata kama haina tatizo. Rubani alinung'unika, maana vipuri viliagizwa mbali, kwa bei ya madume ya kulimia. "Fundi, plagi hizi si bado nzima?" Baba alikuwa na jibu moja tu: "Ng'ombe hatafutwi kupe akishaanguka."

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza, parokia yetu ilikuwa na desturi ya mtoto kwenda altareni katikati ya wazazi, kila mmoja amemshika mkono. Baba aliahidi kuja. Lakini saa za ndege zikatimia Jumamosi, na daktari alitakiwa kuruka Jumatatu alfajiri kwenda kupasua wagonjwa. Nilitembea na mama upande mmoja. Upande wa pili mkono wangu ulining'inia. Mbele yangu binti wa jirani alikuwa na baba yake, na nilimchukia kwa hilo mpaka misa ikaisha.

Nikiwa bado na gauni jeupe, nilienda uwanjani. Baba alikuwa amepasua chujio la oili kwa kisu na kulitandaza juani kama kitenge, akitafuta unga wa chuma, dalili kwamba injini inajila yenyewe.

"Kabula, ng'wanawane, mwanangu, njoo uone! Safi. Hakuna hata chembe."

"Kwa hiyo haikuwa inaumwa?"

"Haiumwi."

"Basi si ungekuja kanisani!"

Alifunga kazi, akanawa kwa sabuni na mchanga, akanawa tena, lakini weusi wa oili haukutoka wote. Tukaongozana kwenda nyumbani. Nilinyoosha mkono nimshike. Akausogeza wake mbali. Nikajaribu upande wa pili, akafanya vilevile. Nikaona basi, ndege imepata mikono yote miwili, mimi sina hata mmoja.

Nilipokuja kujisomea vitabu vya injini, nilielewa mapema kwamba kuikuta safi ndiyo kazi yenyewe, na kwamba daktari alifika salama kwa sababu ya Jumapili yangu. La mikono lilichelewa. Mwaka jana nilikuwa nabadilisha oili, binti yangu mdogo akanikimbilia na shati lake jeupe la shule. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeinua mikono yangu myeusi juu kabisa, mbali naye. Naye akasimama, akanitazama usoni kama mtu aliyekataliwa.